Steki Iliyoita Waombolezaji

Nimepika nyama zaidi ya miaka sitini, na katika miaka yote hiyo ni mara moja tu nyama yangu imeliliwa msiba kabla haijafika motoni. Wanangu hupenda niwasimulie habari hiyo wapate kucheka, na mimi hucheka nao. Siku yenyewe sikucheka. Siku yenyewe nilitamani ardhi ya Izigo ipasuke initie ndani pamoja na kigogo, kisu na nyama yangu.

Steki nilijifunza Bukoba mjini kabla sijaolewa, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Nilikaa Hamugembe kwa shangazi yangu, na kila asubuhi nilitembea hadi nyumbani kwa muuguzi mmoja wa Kizungu wa misheni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, ambaye nilimpikia na kumfulia. Jumapili alitaka kipande kizima cha nyama, nje kiwe kimeungua kidogo na ndani kiwe laini. Lakini ng'ombe wengi waliochinjwa mjini waliletwa kwa miguu kutoka Karagwe, na ng'ombe aliyepanda na kushuka vilima vyote vile hufika na misuli ya mpagazi. Muuguzi alitafuna mpaka machozi yakamlengalenga.

Ndipo aliponifundisha. Kwanza niitazame nyama, nione nyuzi zake zinalala kuelekea wapi, kisha kisu kizikatishe, kisizifuate. Niifute maji. Niipige kwa nyundo ya mti yenye meno, aliyokuja nayo kutoka kwao. Kikaango kiwe cha moto hasa. Na ikitoka motoni niiache ipumzike kabla haijakatwa. Hilo la mwisho lilinichekesha. Nilimwuliza nyama inapumzika kwa kazi gani, na aliyetembea ni ng'ombe. Akaniambia nifunge mdomo, nihesabu mpaka mia tatu. Nilihesabu, na tangu siku hiyo sijawahi kukata nyama kabla ya mia tatu.

Alipohamishwa aliondoka na nyundo yake, na mimi nikaolewa Izigo. Mume wangu alifundisha shule Kamachumu na kurudi nyumbani Jumamosi, kwa hiyo siku nyingine zote nilikuwa na wazazi wake na mdogo wake wa mwisho, wifi yangu, msichana mpole kuliko mimi. Hilo si jambo gumu, maana mimi tangu utoto nimeambiwa nina ulimi wa pilipili.

Basi fikirini mtu wa ulimi huo kuletwa katika nyumba ambayo haruhusiwi kusema na baba mkwe wake. Kwetu mke wa mtu hana mazoea na baba wa mumewe, na nyumba ile ilishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Nisimtazame usoni, nisimtajie jina, nisile mbele yake, nisimsemeshe. Mzee aliketi hatua tatu tu kutoka jikoni kwangu, nyuma ya kiambaza cha matete, akamwambia mama mkwe amwambie mke wa mwanawe kwamba moshi umezidi. Mama mkwe alinigeukia akaniambia moshi umezidi. Nikasema kuni ni mbichi. Mama mkwe akageuka akamwambia kuni ni mbichi. Tuliishi hivyo, na sitaki kudanganya, tuliishi vizuri. Nilimjua yule mzee kwa kikohozi chake, kwa hatua zake na kwa namna alivyosogeza kigoda, nami najua alinijua kwa kelele za vyungu vyangu.

Alikuwa amebakiwa na meno manne, mawili juu upande wa kushoto na mawili chini upande wa kulia, na kama ndugu waliogombea mpaka, hayakukutana. Ndizi alikula, maharage alikula, samaki alikula. Nyama ilipopikwa alitia kipande kimoja mdomoni, na vilivyobaki akawagawia wajukuu, akisema yeye nyama haimshughulishi tena, utamu wake anauona kwa watoto. Watu walimsifu kwa moyo wake mkubwa. Nami nilimsifu, mpaka siku nilipobadilisha nyasi za sebuleni.

Nyumba zetu wakati ule tulizitandika nyasi sakafuni, na zikichakaa zinaondolewa zote. Nilipofika mahali pake, chini ya nyasi karibu na nguzo, nilikuta vidonge vya nyama iliyotafunwa ikakauka, vya rangi ya kijivu, vidogo kama punje za kahawa. Vilikuwa vingi. Nilikaa pale navishika mkononi, na moyo uliniuma kweli. Mzee alipenda nyama kuliko sisi sote. Aliinyonya mpaka mchuzi wake ukaisha, akashindwa kuimeza, kisha akaificha kama mtoto anayeficha alichokivunja. Nilivitupa pamoja na nyasi kuukuu, na sikumwambia mtu.

Huenda ningenyamaza mpaka leo kama si jambo la wifi yangu. Alikuwa ameposwa na watu wa Kamachumu, familia nzuri, na kijana mwenyewe walipendana. Lakini ukoo wa baba mkwe ulikuwa na desturi yake. Siku wakwe wanapokuja kumaliza maneno, huchomwa mnofu wa paja la nyuma. Baba wa binti huukata kwa kisu chake mwenyewe, anakula kipande cha kwanza mbele ya wageni, anameza, kisha kipande cha pili anampa baba wa kijana. Kabla hajameza, hakuna mkono unaogusa chakula, na maneno hayajakubaliwa.

Mara mbili mzee alikuwa amepanga siku, na mara mbili ameiahirisha. Mara ya kwanza alisema mguu unamuuma. Mara ya pili alisema mvua. Kamachumu wakaanza kunong'ona kwamba labda tuna mkwe mwingine tunayemngoja. Na mdogo wa mzee, baba mdogo tuliyepakana naye kibanja cha migomba, mwenye meno yote thelathini na mawili na aliyependa kuyaonyesha, alianza kusema hadharani kwamba kaka yake apumzike, yeye atakata nyama. Kila mtu alijua maana yake. Anayekata nyama siku kama ile ndiye anayeulizwa mambo ya ukoo baadaye, na aliyemwachia mwingine kisu chake huwa ameacha na kigoda.

Wifi yangu alilia jikoni kwangu tukimenya ndizi.

"Tata anaona afadhali nizeekee hapa," alisema juu ya baba yake, "kuliko akae pembeni aangalie meno ya baba mdogo."

Nikamwambia nitailainisha nyama hiyo mpaka baba yake aimeze. Sikumwambia nitafanyaje, kwa sababu sikujua.

Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ingekuwa rahisi, sarara hata kibogoyo anaiweza, lakini desturi haikutaka sarara. Ilitaka mnofu wa paja, kipande kizima, kinachokamatika mkononi na kukatika kwa kisu machoni pa watu. Nikajaribu. Nyama kwetu ilipatikana siku ya kuchinja tu, mara moja kwa wiki, ikining'inia kando ya njia na kufungwa kwa jani la mgomba, kwa hiyo kila kosa langu lilikula wiki nzima. Wiki ya kwanza niliichemsha tangu asubuhi ndipo nikaichoma, ikatoka nyuzi nyuzi ambazo zingejaa kwenye mapengo ya mzee kama uzi wa kushonea. Wiki ya pili nilitia magadi. Ikalainika, lakini ikateleza na kunuka sabuni. Wiki ya tatu niliipaka utomvu wa papai bichi, nikaifunga kwa majani ya mpapai tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili, na nilipoifungua kisu hakikupata cha kukata. Mama mkwe alionja kwa ncha ya ulimi, akaniuliza nani ameshaitafuna. Baadaye nilielewa kwamba papai lataka muda mfupi, saa moja inatosha. Wakati ule nilidhani kinacholainisha kikizidi kinazidi kulainisha, na hilo ni kosa la ujana katika mambo mengi.

Siku mpya ya wakwe ilikuwa imepangwa kwa mara ya tatu, na ilibaki wiki moja.

Asubuhi ya siku ya kuchinja nilipanda darini kuondoa masizi. Huko juu, nyuma ya vikapu vya zamani, nilikuta kitu kizito kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilikifungua nikakuta nyundo ya mti mgumu, imeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, na kichwa chake kimechongwa mifereji, upande mmoja mipana na upande mwingine myembamba. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. Ilikuwa nyundo ya muuguzi wangu, tena nzuri kuliko yake. Nikajiuliza ni mke gani mwenye akili aliyeishi katika nyumba hii kabla yangu, na kwa nini mama mkwe aliniacha nihangaike na magadi.

Asiyejua maana haambiwi maana. Ilikuwa nyundo ya kupondea lubugo, ile nguo ya zamani inayobanduliwa kwenye mti wa mtoma na kupigwapigwa mpaka iwe pana na laini. Mtu yeyote wa Izigo angeijua akiwa amefumba macho. Lakini mimi nililelewa Kamachumu katika nyumba ya mwalimu wa dini, ambako tulivaa pamba na kuzikwa kwa pamba. Lubugo niliwahi kuuona umekunjwa, sikuwahi kuuona unapondwa, na sauti ya nyundo yake sikuwahi kuisikia hata siku moja.

Mama mkwe na wifi walikuwa wamekwenda rweya, kule kwenye mbuga nje ya vibanja, kukata nyasi za kutandika siku ya wageni. Mzee alikuwa ndani. Siku ya tatu hiyo alikuwa na kikohozi na hakutoka, na majirani kila asubuhi waliulizia hali yake. Niliweka mnofu wa paja la ng'ombe nililonunua alfajiri juu ya kigogo nyuma ya jiko, nikakunja mikono ya gauni, nikaanza. Ko, ko, ko. Nyundo ilikaa mkononi vizuri na nyama ilianza kutandazika. Nikashika na mwendo. Ko, ko, ko. Nadhani niliimba pia.

Kijiji chetu ni migomba iliyoshikana kutoka kibanja hadi kibanja. Nyumba ya jirani huioni, lakini sauti unaisikia, na jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi ni hili: tangu ilipoingia amerikani, kitambaa cha pamba cha dukani, hakuna tena aliyevaa lubugo. Ulipondwa kwa kazi moja tu, kumfunika mfu. Nyundo ikisikika kutoka katika nyumba ambayo mzee wake amekohoa siku tatu, hakuna haja ya kumtuma mtu kuleta habari.

Wa kwanza kufika alikuwa baba mdogo. Alitokea kwenye migomba na panga la kupogolea mkononi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alinipita bila kuniona, akaegemea ukuta wa nyumba, akalia kwa sauti, sauti ya mtu mzima ambaye hakuwa amejiandaa kulia. Alimwita kaka yake kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina la utotoni. Nyuma yake wakaja wanawake mikono kichwani, na nyuma yao wanaume, mmoja na mkungu wa ndizi begani, maana msibani hakuendwi mikono mitupu.

Mimi nikadhani kuna msiba mahali fulani, na kwa kuwa ni mke mgeni sikuambiwa. Niliona haya kuendelea kupika wenzangu wakilia. Nikaiweka nyundo juu ya nyama, nikajifunga nguo kiunoni, nikaanza kulia nami. Nililia vizuri tu. Jirani mmoja alinishika bega akaniambia nijikaze.

Kisha mlango ukafunguka, na baba mkwe akasimama kizingitini na blanketi mabegani, nywele zimelala upande mmoja kwa usingizi. Aliwatazama watu waliojaa uani kwake.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mwanamke mmoja alikaa chini palepale. Baba mdogo alimwendea polepole, akamshika mkono juu ya kiwiko, akauminya, akauminya tena.

"Nyundo yako imelia," alisema. "Tumeisikia wote."

Hapo macho yote yakaanza kuitafuta nyundo, na yakaipata ilipokuwa, juu ya kigogo changu, imepakaa damu ya ng'ombe. Kutoka kwenye nyundo yakapanda mpaka kwangu. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya baba mkwe uso wazi, machozi ya msiba wake yakinitiririka.

Nilimgeukia mgomba uliokuwa karibu, nikaukumbatia, nikaficha uso. Sikuwa na pa kwenda pengine. Wakati huohuo mama mkwe na wifi wakafika mbio kutoka rweya bila nyasi, maana vilio walivisikia kutoka mbali, na ilibidi waelezwe wao pia, na mama mkwe alipomaliza kumpapasa mumewe akanigeukia mimi. Maneno aliyonipa sitayaandika. Aliponyamaza apate pumzi, niliuambia ule mgomba habari yote. Niliuambia juu ya muuguzi na nyundo yake yenye meno, magadi na papai. Niliuambia kwamba nilitaka siku ya wakwe mzee akate nyama mwenyewe na aimeze mwenyewe. Habari ya vidonge chini ya nyasi sikuitaja, na sijaitaja kwa mtu yeyote wa nyumba ile hadi leo.

Hata hivyo nilikuwa nimeshasema mengi. Jambo ambalo ukoo mzima ulilijua na kulifunika, mimi nimelifunua mbele ya watu waliokuja na ndizi. Hakuna aliyecheka. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kuolewa.

Nikasikia hatua za mzee, hatua nilizozijua, zikienda kwenye kigogo. Wifi aliniambia baadaye kwamba aliinua nyama yangu, akaivuta kingo, akaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyokuwa akipima lubugo. Ndiye aliyekuwa akiwapondea wote wa upande ule wa Izigo, wazazi wa hao waliosimama uani. Amerikani ilipokuja, watu waliacha kumwita, na akaifunga nyundo na kuipandisha darini, isishuke ila kwa msiba.

"Mwambie," alimwambia mama mkwe, "anapiga kama anaua nyoka."

Mama mkwe akageuka kunieleza kwamba napiga kama naua nyoka.

"Nyundo ina uzito wake, aiache ianguke yenyewe. Aanzie pembeni aje katikati. Mifereji mipana kwanza, myembamba mwishoni. Akunje, apige tena."

Mama mkwe alianza kuyarudia, akachanganya mipana na myembamba, akakasirika. Alisema yeye si daraja la serikali, na kwamba msiba huu umeshatuchanganya wote hapa uani, kama mzee ana la kusema aseme. Mzee hakunisemesha. Alichukua kigoda chake, akakiweka karibu na kigogo, akakaa akinipa mgongo na kuutazama ukuta. Nami nikauacha mgomba, nikampa mgongo wangu, nikaishika nyundo.

Alinifundisha kwa masikio. Nilipopiga kwa nguvu aliuambia ukuta, mno. Nilipokwenda haraka alikohoa. Nilipokaa sana mahali pamoja alisema rudi pembeni, na sijui alijuaje, kwa kuwa hakugeuka hata mara moja. Polepole mkono ukaelewa. Nyama iliacha kupasuka, ikaanza kulegea yenyewe, ikatandazika, nikaikunja, nikaipiga, nikaikunja tena mpaka ikarudi unene wake. Waombolezaji walikaa kwenye nyasi wakatazama. Hapakuwa na aliyekwenda nyumbani, na yule wa mkungu wa ndizi aliuingiza jikoni, wifi akaanza kuzimenya.

Niliipaka samli, nikaiweka juu ya makaa, nikatia chumvi mwishoni kama nilivyofundishwa, nikaitoa. Nikaanza kuhesabu. Mzee akauliza tunangoja nini. Mama mkwe akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa na akili za watoto wa siku hizi, kwamba nyama inapumzika. Mzee alifikiri.

"Hata lubugo ukishapondwa huachwa juani kwanza," alisema.

Nilipofika mia tatu mama mkwe akampelekea. Alichomoa kisu chake, akakata kwa kukatisha nyuzi bila kuambiwa na mtu, akatia kipande mdomoni. Alitafuna kwa fizi na kwa yale meno manne. Alimeza. Kooni kwake kila mtu alikiona kile kipande kikishuka. Kisha akakata kipande cha pili, akamtazama mdogo wake, akamnyooshea kikiwa kwenye ncha ya kisu.

Baba mdogo alikipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Kaa kwenye kigoda chako, kaka," alisema. "Leo nimeona palivyo bila wewe, na sikupapenda."

Tukala, na msiba ukaisha hivyo, kwa ndizi zilizoletwa kwa ajili ya mfu na supu niliyoitengeneza kwa mifupa na mabaki ya lile paja. Watu waliondoka wakijifuta midomo. Kikohozi cha mzee kilipona siku ileile, au alisahau kukohoa.

Wiki iliyofuata wakwe wa Kamachumu walikuja. Nyasi zilikuwa mpya, nami nilikuwa nyuma ya kiambaza cha matete na nyundo yangu, nimemaliza kazi yangu tangu mapema. Nilichungulia kwenye tundu dogo. Mzee alikata, akala, akameza, akampa baba wa kijana, na kelele za furaha zikapanda. Wifi yangu alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Na katika kelele zile baba mkwe aligeuza kichwa kidogo kuelekea matete.

"Wakola," alisema.

Ni asante ya Kihaya, asante kwa mtu aliyefanya kazi. Hakuipitisha kwa mama mkwe. Wageni waliosikia walijifanya wanatafuna. Desturi ilinikataza kujibu, basi niliinua nyundo nikaigonga mara moja juu ya kigogo. Ko. Nikasikia anacheka.

Tangu hapo hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu. Nyundo haikurudi darini. Kila siku ya kuchinja niliipiga nyuma ya jiko, na yeye upande wa pili wa matete akasema mno, au sawa, au akakohoa. Majirani walizoea. Watoto waliposikia ko, ko, ko walikuja na majani yao ya mgomba wakisubiri vipande, na wanawake wengine waliniazima nyundo siku zao za wageni. Vidonge sikuvikuta tena chini ya nyasi. Nilitafuta kila nilipozibadilisha, na sikuvikuta.

Alifariki miaka mingi baadaye, kabla ya uhuru, asubuhi moja, usingizini, ameshiba. Alikuwa amebatizwa uzeeni lakini amerikani aliikataa, alisema ina baridi. Baba mdogo akabandua gome la mtoma uliokuwa nyuma ya nyumba, akaja jikoni kuniomba nyundo. Nilimpa. Nilikaa na mama mkwe nikiisikiliza, na alikuwa anapiga kama anaua nyoka. Nilivumilia kidogo, kisha nikatoka nje nikamwambia aanzie pembeni, aje katikati, aiache nyundo ianguke yenyewe. Hakunikasirikia. Alianzia pembeni.

Tuliwasubiri watu. Jua likapanda, lubugo ukawa umefika nusu, na hakuna hata mmoja aliyetokea kwenye migomba. Mama mkwe aliniuliza watu wamekwenda wapi leo, kwani hawasikii. Ndipo nilipoelewa. Niliinuka, nikavuka kibanja kwenda kwa jirani wa kwanza, yule aliyenishika bega siku ile. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Aliniona, akacheka kabla sijafungua mdomo, akasema tangu asubuhi anaisikia nyundo, leo tumepata wageni gani, na je, kipande chake kipo.

Nikakaa kwenye nyasi zake, nikamshika mkono ule wenye kisu, nikamwambia leo si nyama.